Adhana, maji, kikundi au simu: tabia mpya uitundike wapi ukiishi kijijini pwani?

Shangazi yangu analima mwani, upande wa Pangani. Alipopimwa presha ikakutwa imepanda, aliagizwa mambo manne: atembee nusu saa kwa siku, apunguze chumvi, apunguze sukari kwenye chai, alale mapema. Akarudi nyumbani, akavua kanga ya juu, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo nusu saa niitie wapi?"

Sikuwa na jibu. Wiki ile maji yalikuwa yanapwa saa nne asubuhi, kwa hiyo tangu saa tatu yuko baharini na kamba zake. Wiki ya pili yake asubuhi bahari imejaa, yeye yuko shambani kwenye mihogo. Ushauri wa "tenga saa maalumu kila siku" umetungwa na watu ambao saa zao zinakaa mahali pamoja.

Mambo yenyewe hayana siri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani, na chumvi yake isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kinachotushinda ni kuyafanya kesho, na keshokutwa, na siku ya msiba wa jirani. Tabia ni kama kanga. Usipoitafutia msumari utaikuta sakafuni.

Na msumari una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2010 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha utafiti wa watu 96 waliochagua kila mmoja tabia moja ya kula, kunywa au mazoezi, wakaifunga kwenye tukio la kila siku, kwa mfano "baada ya kifungua kinywa". Tabia ilichukua wastani wa siku 66 hadi kufanyika bila kujilazimisha. Kuna aliyehitaji siku 18, na kuna aliyekadiriwa angehitaji 254. Basi ile habari ya siku 21 inayozunguka WhatsApp isikuvunje moyo ukifika ya 22 bado unajisukuma. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi.

Huku kwetu matukio ya kutundikia tabia yapo, na baadhi hayapatikani mjini. Nalinganisha manne: adhana, maji ya bahari, kikundi, na simu.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni mdundo: msumari huu unakuja kila siku, na saa ile ile? Cha pili, unabeba nini? Kidonge cha presha kinataka msumari wa kila siku, lakini bustani ya mchicha ukiipa wa kila wiki inaridhika. Cha tatu, unavunjika wapi, na ukishavunjika unarudi vipi? Hapa ndipo wengi tunapoanguka, kwa kuwa tunapanga kana kwamba hakutakuwa na masika, Ramadhani, harusi wala mtoto mwenye homa.

Cha nne ni gharama, na simaanishi hela peke yake. Kijijini kuna gharama ya macho ya watu. Wiki yangu ya kwanza ya kutembea asubuhi niliulizwa na watu wasiopungua saba, "Kwema? Unakwenda wapi saa hizi?" Mtu anayetembea bila mzigo, bila jembe, bila ndoo, huku hana maelezo. Mzee mmoja alinifuata hadi kwenye minazi ya mwisho akidhani kuna maziko ambayo hakupewa habari. Nilipomwambia nafanya mazoezi alinitazama kwa huruma, akageuza njia.

Adhana

*Mdundo.* Mara tano kwa siku, bila betri yako. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hizi hazihami sana: alfajiri ni kwenye saa kumi na moja, magharibi saa kumi na mbili na ushei, na mwaka mzima zinacheza kiasi cha nusu saa hivi. Jamaa zetu walio London hawana raha hiyo. Kwao magharibi ya Desemba na ya Juni zimeachana kwa saa nyingi, na anayetundika usingizi wake kwenye isha ya kiangazi atalala usiku wa manane.

*Unabeba nini.* Mambo mafupi ya kila siku. Kupiga mswaki wakati wa kutia udhu. Kushusha vyandarua vya watoto adhana ya magharibi inapolia, kabla hujaingia jikoni, maana ukishaanza kukuna nazi hutakumbuka tena na mbu wa malaria kazi yao ni ya usiku. Kidonge, ikiwa saa uliyopewa kliniki inaangukia karibu na swala. Kutembea baada ya alfajiri: mimi natoka msikitini nafuata mchanga mgumu hadi diko la samaki na kurudi, na huko hukutana na wazee wawili, kanzu zimekunjwa hadi magotini na makubadhi mkononi, ambao wanafanya hivyo tangu sijazaliwa na hawajawahi kuyaita mazoezi.

Alasiri ni msumari wa chai, na chai ndiyo sukari yetu. Kijiko cha chai kina sukari gramu 4 hivi. Mwenye kutia vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku amekula gramu 48. WHO inataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na hapo andazi halijahesabiwa. Njia iliyonifaa ilikuwa kupunguza nusu kijiko kila Ijumaa, nikashika kiwango hicho hadi Ijumaa nyingine. Wiki ya tatu chai ilikuwa chungu kama mwarobaini. Ya sita nilipewa chai ya harusini nikashindwa kuimaliza.

*Unavunjika wapi.* Ramadhani kwanza. Mwezi huo chai ya alasiri haipo, daku linakata usingizi, na kila kilichofungwa kwenye chakula cha mchana kinaning'inia hewani. Anayetumia dawa aende kliniki kabla ya mwezi kuandama wampangie saa, asijipangie mwenyewe. Baada ya Idi inabidi uanze tena, na usione haya.

La pili ni la wanawake, na wanaume tunaotoa ushauri huu hatulifikirii. Aliye katika siku zake hasali. Adhana inalia, lakini mwili hauna sababu ya kuinuka, na matembezi ya alfajiri yanalala naye. Jirani yangu alilitatua kwa kuifunga tabia kwenye mlio wenyewe badala ya swala: akisikia, anaketi kitandani, anakunywa bilauri ya maji, anatoka. Jirani mwingine, Mkristo, huamsha watoto wa shule kwa adhana hiyo hiyo. Spika haiulizi dini.

Halafu wapo wasioisikia. Mvuvi aliye nje ya mwamba usiku, au aliyehamia dago, yaani kambi ya wavuvi, kwa wiki kadhaa, hana spika ya msikiti.

*Gharama.* Hakuna, wala hakuna macho, kwani anayetoka msikitini ana sababu ya kuwa njiani. Kuna wazee watakaokwambia ibada isifanywe kengele ya mambo ya dunia, na wana haki ya kusema hivyo. Mimi naona kutunza mwili si jambo la kuliweka mbali na swala, ila sibishani nao.

Maji ya bahari

*Mdundo.* Hapa saa ni nyingine kabisa. Maji yanachelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo anayefuata maji hana "saa tatu asubuhi" ya kudumu. Ila ana kitu kikubwa zaidi ya siku: mzunguko wa wiki mbili. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana. Katikati yake kuna maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Pwani yetu hii, iwe Kibuyuni huko Kwale, Jambiani ya Unguja au Pangani, bamvua linapwa kwenye saa nne hivi asubuhi na saa nne usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mwamba wote unatoka nje. Wiki ya maji mafu, saa hiyo hiyo ya nne bahari imejaa, na hata jioni ikipwa haiendi mbali.

*Unabeba nini.* Hapa ndipo nilipopata jibu la swali la shangazi, au tuseme alilipata mwenyewe, mimi nikaliandika.

Siku ya bamvua anatoka saa tatu. Ana kamba zenye taitai (vikamba vidogo vya kufungia mwani), vigingi, gunia, na anatembea kwenye mchanga laini na maji ya magoti hadi shambani kwake kwenye bahari. Anainama, anafunga, anakagua, anavuna. Anarudi kabla maji hayajamfika kiunoni, gunia la mwani mbichi linachuruzika mgongoni. Mtu huyu ukimwambia akifika nyumbani avae raba atembee nusu saa umemtukana. Miongozo ya WHO yenyewe inahesabu kazi za mikono na safari za miguu ndani ya zile dakika 150. Wiki hiyo amezimaliza Jumanne.

Tatizo lake la bamvua lilikuwa jingine. Alikuwa akinywa chai ya sukari na maandazi mawili saa mbili, kisha hali wala hanywi kitu hadi saa saba, jua lote utosini, anarudi kichwa kinamgonga. Akidhani ni presha, na pengine ilikuwa presha, lakini alikuwa na kiu pia. Sasa tabia za bamvua ni hizi: chupa ya lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa ikifungwa kwenye kigingi cha kwanza, vipande vya muhogo wa kuchemsha ndani ya kopo, kofia ya ukili juu ya mtandio, na viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba ya bahari.

Maji mafu ndiyo wiki ya kutembea. Mwili umepumzika, siku imelegea, na hiyo nusu saa ina pa kukaa.

Chakula nacho kinafuata maji. Bamvua likija kuna pweza, kuna chaza, kitoweo ni kibichi. Maji mafu na kusi kali, ule upepo wa kutoka kusini, zikikutana, mashua hazitoki, na jikoni hurudi ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na papa mkavu. Hapo chumvi inapanda bila mtu kushika kopo la chumvi. Anayejua kalenda anajipanga: ng'onda inalowekwa, maji ya kwanza yanamwagwa, inapikwa kwa nazi, ndimu na nyanya, na chumvi haiongezwi sufuriani. Kisamvu, matembele na majani ya kunde havijali bamvua wala maji mafu, vipo.

Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wana toleo lao la msumari huu, nalo ni giza na mbalamwezi. Giza wako kazini usiku, mbalamwezi wanapumzika. Mvuvi atakayejilazimisha kulala saa tatu usiku mwezi mzima atashindwa nusu ya mwezi na kujiona mvivu. Mwenye tabia mbili, ya giza (analala asubuhi, chumba kimetiwa pazia zito, watoto wamekatazwa mlango ule, chandarua kimeshushwa japo ni mchana) na ya mbalamwezi (usiku kama watu wengine), ana nafasi ya kufaulu zote mbili.

*Unavunjika wapi.* Kwa chochote kinachotaka saa ile ile kila siku. Kidonge usikitundike kwenye maji hata kidogo; kwa mwendo wa dakika 50 kwa siku, baada ya wiki moja dawa ya asubuhi imeshakuwa ya alasiri. Ila uzuri wa msumari huu ni wa kurudi: ukiharibu bamvua hili, jingine liko njiani baada ya wiki mbili, nalo halikuulizi ulikuwa wapi.

*Gharama.* Chupa, kopo, kofia. Na akili ya kuisoma kalenda ya mwezi, ambayo bibi zetu wanayo kichwani na vijana wetu wengi hawana tena.

Kikundi

*Mdundo.* Mara moja kwa wiki, siku ya kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) au ya chama. Ni haba kwa tabia ya kila siku, lakini ni mkutano ambao mtu akikosa anatafutwa, na hilo adhana haifanyi.

*Unabeba nini.* Kupima presha, kwanza kabisa. Mashine ya mkono ni ghali kwa mtu mmoja na nafuu kwa watu ishirini. Kila mtu na daftari lake, tarehe na namba mbili, na anayeona 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara anaelekezwa zahanati badala ya kupewa ushauri wa majani. Masharti machache tu: mtu aketi dakika tano kimya kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa chai. Sharti la "kimya" kwenye kikoba ndilo gumu.

Unabeba pia bustani ya magunia, ambapo mbegu na zamu ya kumwagilia zinagawanywa, na matembezi ya wanawake wanaoogopa macho. Mwanamke mmoja akionekana peke yake ufukweni alfajiri kuna watakaosema. Wakiwa sita, wanakwenda zao.

*Unavunjika wapi.* Kwenye hela, mara nyingi. Kikundi nilichokuwamo mashine yake iliisha betri, betri za mia chache, na kwa wiki saba hatukukubaliana zitoke mfuko wa jamii au mfuko wa hisa. Tulijadili kanuni za katiba huku mashine iko kabatini imekufa. Mwishowe mwanachama mmoja akanunua kwa hela yake, akanuna mwaka mzima. Kinavunjika pia msimu wa harusi, na mwenyekiti akihama. Na kuna jambo la aibu kidogo: mkutano wa kupima presha wenye soda kreti moja na sinia la maandazi. Tulibadili kuwa madafu na matango baada ya mgogoro ambao siwezi kuusimulia wote hapa.

Kurudi ni kugumu. Kikundi kilichokufa hakifufuki kwa mtu mmoja kuamua.

*Gharama.* Mchango, muda, na siri. Namba zako za presha zitajulikana na watu ishirini. Kwa wengine hilo ni msaada, wapo wa kuwauliza hali. Kwa wengine ni sababu ya kutosha ya kukaa mbali.

Simu

Nitakuwa mfupi, maana kila mtu anaijua. *Mdundo* wake ni kamili: kila siku, dakika ile ile, bila kujali mwezi wala msimu. *Unabeba* kidonge vizuri kuliko vyote, na saa ya kwenda kulala. *Unavunjika* chaji inapoisha, kwa anayechajisha kwa jirani mwenye sola, na unavunjika kimya kimya pale unapozoea kuuzima mlio bila kuamka. Baada ya mwezi kidole kinafanya kazi hiyo peke yake. Baharini simu imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hata ikilia ni kama nzi. Tena ndiyo hiyo hiyo inayokukeshesha hadi saa sita usiku. *Gharama* ni ndogo kwa mwenye simu tayari, hata kitochi kina kengele.

Faida yake moja ambayo mengine hayana ni kwamba inasafiri nawe. Aliyezoea adhana ya mtaa wake, au maji ya ufukwe wake, akienda kukaa na mwanawe Dar es Salaam kwa miezi mitatu atapoteza msumari. Kengele inakwenda naye kwenye basi.

Ukiyaweka ubavu kwa ubavu

Jaribu tabia tatu kwenye misumari yote minne. Kidonge cha kila siku: simu na adhana zinakiweza, kikundi kinaweza tu kuuliza kama ulikunywa, maji yanakiharibu. Kutembea: adhana kwa wa nchi kavu, maji kwa wa baharini, kikundi kwa anayechunga jina lake, simu kwa mwenye nidhamu ambayo mimi sina. Kupunguza chumvi na sukari: hapa maji na adhana vinasaidiana, moja likikuonyesha wiki ya hatari, jingine kikombe cha hatari. Simu haijui kuna ng'onda jikoni.

Kosa nililoliona mara nyingi ni kutundika kila kitu msumari mmoja. Mtu anaamua Jumatatu kwamba baada ya alfajiri atatembea, atakunywa maji, atakunywa dawa, atamwagilia mchicha na kusoma. Msumari unang'oka.

Kwa hali yako

*Unalima mwani, unachokoa pweza au kukusanya chaza:* anza na kalenda ya maji kwa kazi, mwendo na chakula. Dawa iweke mbali na maji, kwenye adhana au simu.

*Mvuvi wa usiku:* giza na mbalamwezi kwa usingizi. Kama una kidonge, mwombe mke au mama akukabidhi wakati ule ule unapokabidhiwa chakula cha kuingia nacho chomboni. Hicho nacho ni msumari, sikukipa sehemu yake lakini nimeona kikishika kuliko simu.

*Mkulima wa minazi, mihogo au mkonge, au mwalimu wa shule ya kijiji:* adhana itakutosha kwa mengi, uwe unasali au unasikia tu. Mwalimu anayekaa kitini mchana kutwa anahitaji matembezi kuliko mkulima, asijilinganishe naye.

*Mama wa watoto wadogo:* chagua jambo moja, chandarua cha magharibi. Mengine yasubiri mtoto wa mwisho aanze kutembea. Kikundi cha wiki kitakufaa kwa kuwa watoto wanaruhusiwa.

*Mzee anayeishi peke yake:* kikundi, hata kama namba zitajulikana. Anayepimwa kila wiki na kukosekana siku moja atabishiwa hodi.

*Umerudi kijijini kutoka mjini au Ughaibuni:* ulikuja na kengele ya simu, ibaki nayo mwezi wa kwanza huku unajifunza maji yanapwa lini. Na ukiulizwa unakwenda wapi saa hizi, beba kikapu. Kikiwa kitupu si neno.

*Una presha au sukari tayari:* kidonge kipate misumari miwili, adhana na simu, ili mmoja ukilegea mwingine upo. Hapa usifanye majaribio.

Shangazi amekwishapanga ya kwake. Kidonge ni baada ya isha, chupa ya dawa ikikaa juu ya mswala uliokunjwa, hawezi kuutandua bila kuishika. Bamvua anafanya kazi, anakunywa maji. Maji mafu anatembea alasiri kwenda kwa mwanachama mwenye mashine, upande wa pili wa kijiji, mwendo wa robo saa kwenda na robo saa kurudi. Juzi nilimkuta njiani. Nikamwamkia, shikamoo shangazi. "Marahaba," akasema, hakusimama. "Usinicheleweshe, nikifika nimechoka atanipima vibaya, inabidi niketi kwanza."